Je, wajua kwa nini njia rahisi ya bolingi humfanya mchezaji aonekane bora kuliko alivyo?

Mchezaji wa bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe juu ya njia ili kuangusha pini kumi, ana wastani wa alama 210 kwa mchezo katika ligi ya ukumbi aliouzoea. Anakwenda kwenye mashindano ya mji mwingine na tufe lake lile lile, anarusha kwa mwendo ule ule, na siku inakwisha akiwa na wastani wa 182. Pini ni kumi kama kawaida, na kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18.29, kama kila mahali. Kilichobadilika hakionekani kirahisi kwa macho: ni mafuta yaliyopakwa juu ya njia, hasa jinsi yalivyogawanywa kati ya katikati na pembeni. Kushuka alama 20 hadi 30 kwa namna hii ni jambo la kawaida, na wengi wanaopatwa nalo hudhani walikuwa na siku mbaya tu.

Mafuta yalianza kupakwa ili kulinda mbao. Tufe linaweza kufika kilo 7.26, na linapotua huku likiteleza na kuzunguka kwa wakati mmoja, msuguano huunguza na kuchubua uso wa njia. Ndiyo maana sehemu ya mwanzo ya njia za zamani ilijengwa kwa mbao ngumu za mepo, katikati ikawekwa msonobari, na mafuta yakapakwa pale matufe yanapotua. Leo kumbi nyingi zina njia za sintetiki zinazostahimili zaidi, lakini mafuta yamebaki kwa kuwa yamekuwa sehemu ya mchezo wenyewe. Juu ya mafuta kipimo cha msuguano ni kama 0.04, pakavu hufika kama 0.2, yaani mara tano. Tufe lililozungushwa vizuri kwanza huteleza karibu moja kwa moja likiwa juu ya mafuta, likikuta pakavu hushika na kupinda, halafu hubingirika hadi kwenye pini. Anayejua mafuta yanaishia wapi anajua tufe litapinda wapi.

Kupaka ni kazi ya mashine inayotembea juu ya njia. Inafuta mafuta ya jana kwa dawa ya kusafishia, kisha inapaka mapya kwa kufuata mchoro uliohifadhiwa ndani yake. Njia ina mbao 39, kila ubao ukiwa na upana wa kama sentimita 2.7, na karatasi ya mchoro huonyesha mashine inaanzia ubao gani na kuishia upi katika kila mpito. Tuseme pampu inatoa mikrolita 50 kwa kila ubao. Mpito mmoja kutoka ubao wa 2 kushoto hadi wa 2 kulia unagusa mbao 37, na unatumia mikrolita 1,850. Mpito kutoka ubao wa 10 kushoto hadi wa 10 kulia unagusa mbao 21 tu, mikrolita 1,050. Fundi akiipangia mashine mipito mingi ya ndani na michache ya nje, katikati patajaa mafuta na pembeni pataachwa pakavu. Mchoro mzima kwa kawaida hutumia mililita 20 hadi 30, kiasi kisichozidi vijiko viwili vya mezani kwa njia nzima. Tofauti yote ya 210 na 182 imo ndani ya vijiko hivyo viwili.

Wataalamu hulinganisha mafuta ya mbao za katikati kabisa na yale ya mbao za nje, yaani ubao wa 3 hadi wa 7. Katika mchoro wa kawaida wa kumbi za burudani na ligi, katikati huwa na mafuta mara 8 hadi 10 ya yale ya nje. Mchoro wa mashindano magumu, kwa kiwango kilichowekwa Marekani na USBC, shirika linalosimamia bolingi huko, haupaswi kuzidi mara 3. Iko pia michoro iliyo sawasawa kabisa, yaani mara 1 kwa 1, na hiyo ndiyo humtoa jasho hata mtaalamu.

Sasa tazama uwiano huo unavyofanya kazi kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Analenga mshale wa pili kati ya ile iliyochorwa kwenye njia, ambao uko kwenye ubao wa 10 kutoka kulia. Akikosea na tufe likatoka nje zaidi, kwenye ubao wa 7, linakuta pakavu, linashika mapema na kurudi kuelekea pini. Akikosea upande wa ndani, kwenye ubao wa 13, linakuta mafuta mengi, linateleza zaidi na kuchelewa kupinda, kwa hiyo halivuki kwenda upande wa kushoto wa pini ya mbele. Makosa mawili yanayopingana yanaishia mahali pamoja, kama maji ya mvua yanavyokusanywa na mfereji mmoja. Mrushaji ameongezewa upana wa mbao tano au sita za kukosea, na straiki (pini zote kumi kwa rusho moja) inaandikwa kana kwamba alilenga sawasawa.

Kwenye njia yenye mafuta yaliyolingana hakuna wa kukusaidia. Mishale iko kama futi 15 kutoka mstari wa kurushia, robo ya safari. Kwa tufe linalokwenda moja kwa moja, kosa la ubao mmoja kwenye mishale huwa kosa la mbao nne kwenye pini, karibu sentimita 11. Unene wa pini yenyewe pale iliponenepa zaidi ni sentimita 12 hivi. Tufe lililotoka nje kidogo halirudi, kwa sababu hata huko nje kuna mafuta. Lililoingia ndani kidogo linaigonga pini ya mbele usoni na kuacha pini mbili zilizoachana mbali. Mtu aliyezoea kukosea kwa mbao tatu bila kuadhibiwa anaona sasa kila kosa lake likihesabiwa.

Pembe ya kuingilia nayo ina uzito wake, na hapa ndipo wengi hawajatafakari vya kutosha. Straiki bora hupatikana tufe linapoingia kati ya pini ya 1, yaani ya mbele, na ya 3 iliyo nyuma yake kulia, karibu na ubao wa 17 na nusu, kwa pembe ya kama nyuzi 6. Likiingia hivyo, lenyewe hugusa pini nne tu: ya 1, 3, 5 na 9. Pini ya 1 huiangusha ya 2, nayo ya 4, nayo ya 7. Ya 3 huiangusha ya 6 na ya 6 huiangusha ya 10, huku ya 5 ikiimaliza ya 8. Tufe lililorushwa bila kupinda, hata likianzia ukingoni mwa mtaro wa pembeni mwa njia, haliwezi kupata pembe ya zaidi ya nyuzi 1.5, hivyo husukumwa pembeni na pini ya mbele na kuiacha ya 5 imesimama. Njia rahisi humpa mchezaji pembe nzuri bure, kwa kuwa ule ukavu wa nje hulipindisha tufe kwa nguvu hata mzunguko wa mkono ukiwa dhaifu.

Mgogoro wa njia rahisi una historia. Tarehe 1 Julai 1982, katika mji wa La Habra, California, Glenn Allison, mwenye miaka 52 na bingwa wa zamani wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, alipata straiki 36 mfululizo: michezo mitatu ya alama 300, ambazo ndizo za juu kabisa, jumla 900. Shirika lililosimamia bolingi Marekani wakati huo, American Bowling Congress, lilikagua njia alizochezea, likaona mafuta hayakukidhi kanuni, na likakataa kuidhinisha jumla hiyo. Ya kwanza kuidhinishwa ilikuja tarehe 2 Februari 1997, ya Jeremy Sonnenfeld huko Lincoln, Nebraska. Kwa maoni yetu Allison alibebeshwa kosa lisilo lake, kwa kuwa mchezaji hapangi mafuta, na kurudia mkono ule ule mara 36 ni kazi kubwa kwenye njia yoyote. Lakini shirika nalo lilikuwa na hoja: rekodi za kumbi mbili haziwezi kulinganishwa kama hakuna anayejua kila moja ilipakwa nini.

Matufe yalizidisha jambo hilo. Mwaka 1973 Don McCune alikuwa akiloweka matufe ya poliesta katika kemikali ili yalainike na kushika njia, hadi ikabidi kanuni za ugumu ziwekwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakaja matufe ya yurethani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ya rezini, ambayo yana vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta. Kadiri tufe linavyonyonya, ndivyo njia inavyokauka haraka. Ukumbi unaongeza mafuta, kiwanda kinatengeneza tufe kali zaidi, na duru inaendelea. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2020 USBC ilipiga marufuku matundu ya kusawazisha uzito na kuweka kikomo cha kasi ya tufe jipya kunyonya mafuta. Hatua hizo ni nzuri, ila haziugusi uwiano wa mara 10 kwa 1, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi cha alama za juu.

Madhara kwa mchezaji hujitokeza zaidi kwenye speya, yaani kuangusha kwa rusho la pili pini zilizobaki. Mwenye kupata straiki sita au saba kwa mchezo hana haja ya kujifunza kuangusha pini ya 10 iliyobaki peke yake, wala haoni hasara akiikosa mara moja. Kwenye mchoro mgumu hesabu inageuka. Mtu anayeangusha pini 9 kila fremu (zamu) na kuimalizia iliyobaki, bila straiki hata moja, anapata 190. Ndiyo maana makocha wazuri humpa mwanafunzi tufe la poliesta kwa ajili ya speya: halisumbuliwi sana na mafuta, linakwenda lilikoelekezwa.

Kujua kama njia ni rahisi, tumia dakika za mazoezi kabla ya mchezo. Rusha tufe la kwanza juu ya ubao wa 10, la pili juu ya 12, la tatu juu ya 8, kwa kasi ile ile na bila kubadili mkono. Yote yakiishia kati ya pini ya 1 na ya 3, uko kwenye mchoro wa kusamehe. Likifika moja tu, jiandae kwa siku ya speya. Omba pia karatasi ya mchoro; fundi makini huwa nayo. Tazama urefu wa mafuta kwa futi, toa 31, na jibu ni ubao ambao tufe linapaswa kuwa juu yake mafuta yanapokwisha. Mchoro wa futi 40 unakupa ubao wa 9. Wa futi 34 ubao wa 3, karibu kabisa na mtaro. Wa futi 45 ubao wa 14. Hesabu hii ni mwongozo wa kuanzia, hivyo amini zaidi unachoona tufe linafanya.

Mafuta pia hayakai yalipopakwa. Baada ya michezo miwili au mitatu, matufe huwa yamekausha mstari unaopitwa na wengi, na mengine yamebebwa mbele. Tufe likianza kugonga pini ya mbele usoni, mwenye mkono wa kulia husogeza miguu mbao mbili kushoto na shabaha ubao mmoja kushoto. Kwenye mchoro rahisi hatua hiyo humrudisha salama kwenye mafuta ya katikati. Kwenye mchoro uliolingana ni hatua kubwa mno. Anza na ubao mmoja wa miguu, au ongeza kasi, au badili tufe. Kulikwangua tufe kwa msasa, namba 500 ili lishike mapema au 2000 ili lichelewe, kufanyike kabla mchezo haujaanza, kwa sababu kanuni haziruhusu katikati ya mashindano.

Hatudhani michoro rahisi iondolewe. Familia inayokuja mara moja kwa mwaka na tufe la kukodi haitaona tofauti, na ukumbi unaishi kwa wanachama wanaofurahia alama zao. Tatizo linaanzia pale wastani unapotumiwa kugawa handikapu (alama za nyongeza kwa wenye wastani wa chini) au kuchagua timu bila kutajwa ulipatikana kwenye mchoro gani. USBC huhifadhi wastani wa ligi za michoro migumu kando na wa kawaida, na ina jedwali la kuupandisha unapopelekwa kwenye ligi ya kawaida. Ligi ndogo inaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ya karatasi moja: andika urefu wa mchoro, mililita zilizotumika na uwiano, bandika karibu na orodha ya wastani, na ubadilishe karatasi kila fundi anapobadili mchoro.