Diplomasia katika sheria ya Kiislamu: ya vijiweni na ya vitabuni

Arusha ni mji uliozoea wajumbe. Mkataba wa amani ya Rwanda ulisainiwa hapa Agosti 1993, wa Burundi Agosti 2000, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa. Gari lenye namba za kidiplomasia likipita Barabara ya Sokoine hakuna anayegeuza shingo. Basi kwenye vijiwe vya kahawa Bondeni habari za mabalozi haziishi, na zikigusa Uislamu watu huongea kwa uhakika ambao hata vitabu vya fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, havina. Waislamu na wasio Waislamu, wote wamo.

Dhana: Sheria ya Kiislamu inajua dunia mbili tu, ya Waislamu na ya vita.

Mgawanyo wa Darul Islam na Darul Harb haumo kwenye Qur'ani. Ni istilahi ya wanazuoni waliokuwa wakiieleza dunia ya zama zao, na hata wao hawakuishia hapo: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, kuna kundi la tatu, nchi zilizo na mkataba. Muhammad bin Hassan Shaibani, aliyefariki mwaka 805 na aliyekuwa mwanafunzi wa Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, aliandika vitabu vizima juu ya vita, mateka, mikataba na wageni wanaovuka mipaka. Elimu hiyo inaitwa siyar.

Dhana: Mjumbe hulindwa akitoka kwa watu wa heshima.

Musailima, yule aliyedai utume kule Yamama, alituma watu wawili Madina na barua. Walipoulizwa wao wenyewe wanasemaje, wakajibu kwamba wanasema kama asemavyo yeye. Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, amepokea jibu la Mtume (S.A.W.): lau si kwamba wajumbe hawauawi, angewakata shingo. Wakaondoka salama.

Kisa cha Abu Rafi kwangu ni kizito zaidi. Makuraishi, kabila la Maka lililompinga Mtume, walimtuma kwake; alipofika Uislamu ukamwingia moyoni, akasema harudi tena kwao. Akaambiwa: mimi sivunji ahadi wala sizuii wajumbe; rudi, na kama kilicho moyoni mwako sasa bado kitakuwepo, njoo. Alirudi kwanza, kisha ndipo akaja kusilimu.

Dhana: Mkataba na asiye Muislamu haumfungi Muislamu.

Hii ndiyo hatari kuliko zote, na wanaoishikilia wapo pande zote mbili. Wengi hutaja Hudaibiya, mkataba wa sulhu kati ya Mtume na Makuraishi, mwaka 628, kana kwamba ilikuwa janja ya kuvuta muda. Waisome tena. Suhail bin Amr, msemaji wa Makuraishi, alikataa maneno "Mtume wa Mungu" yasiandikwe. Yakaandikwa "Muhammad mwana wa Abdallah". Akaweka sharti kwamba mtu wa Maka atakayekimbilia kwa Waislamu bila idhini ya walii wake, yaani msimamizi wake, arudishwe. Maandishi hayajakamilika, akatokea Abu Jandal akijikokota na minyororo miguuni. Ni Muislamu, ametoroka kifungo, na aliyemfunga ni baba yake: Suhail huyo huyo. Akawalilia Waislamu wasimwache. Akarudishwa, na Umar, swahaba wa Mtume, hakuuficha uchungu wake.

Miaka miwili baadaye Banu Bakr, washirika wa Makuraishi, waliwashambulia Khuza'a walioungana na Waislamu. Mkataba ulivunjikia upande huo.

Surat Al-Anfal inakwenda mbali zaidi. Aya ya 58 inasema ukihofia khiyana, uwatupie ahadi yao waziwazi; hakuna kushambulia huku wenzako wakidhani bado mna mkataba. Aya ya 72 inawataka Waislamu wawasaidie ndugu zao wanaoomba msaada wa dini, isipokuwa dhidi ya watu ambao mna mkataba nao. Wahubiri wetu wangeisoma aya hii ya pili mara nyingi zaidi.

Dhana: Mtawala peke yake ndiye hutoa amani, yaani ahadi ya usalama kwa mgeni au adui.

Siku ya kutekwa Maka, mwaka 630, Umm Hani, mwanamke asiye mtawala, aliwapa hifadhi wakwe zake waliokuwa wakitafutwa. Ali, kaka yake, alitaka kuwaua. Mtume akamwambia Umm Hani: tumempa amani uliyempa amani.

Dhana: Amani ni sawa na kinga ya kidiplomasia ya leo.

Hapana, na wanaotetea Uislamu wasiongeze chumvi hapa. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamkinga balozi na mashtaka ya jinai kabisa. Nchi inayompokea inaweza kumfukuza tu, au kuiomba nchi yake imwondolee kinga. Wanazuoni wa zamani walimwajibisha aliyeingia kwa amani katika haki za watu, kama deni, na wakabishana kuhusu hududi, adhabu zilizowekwa na dini yenyewe. Kwenye ushuru walikaribiana zaidi na Vienna. Abu Yusuf, kadhi wa Harun Rashid, aliandika kwamba mjumbe hatozwi, isipokuwa kwa bidhaa alizobeba za biashara.

Dhana: Tehran 1979 ndiyo sheria yenyewe.

Wanafunzi wa Iran waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran, na Wamarekani 52 wakashikiliwa siku 444. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoilaumu Iran, Mei 1980, iliandika katika hukumu hiyo hiyo kwamba mila za Uislamu zilichangia pakubwa kukuza kanuni ya kutomgusa mjumbe.

Dhana: Sulhu haizidi miaka kumi.

Mashafi ndio waliosema hivyo, kwa kufuata Hudaibiya, na bado wakaruhusu kuuanza upya muda ukiisha. Wahanafi waliuacha muda kwa masilahi ya watu. Na kwa vitendo, Sayyid Said, mtawala Muislamu wa Oman na Zanzibar, alifunga mikataba na Marekani 1833, Uingereza 1839 na Ufaransa 1844. Mwaka 1840 meli yake Sultana ilitia nanga New York na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, na jeshi la majini la Marekani likaikarabati kwa gharama ya serikali yao.