Matangazo ya Zamani Nayo Yalijua Kushawishi

Wengi wetu hapa Mtwara, tukiliona bango la bati lililochakaa kwenye duka la zamani kule Mikindani, husema kwamba matangazo ya enzi hizo yalikuwa ya kweli, yakitaja bidhaa na bei tu, na kwamba hila za kushawishi zilikuja na televisheni na simu. Dhana hiyo si sahihi.

Chukua tangazo la sigara za Camel lililotolewa Marekani kuanzia mwaka 1946. Daktari aliyevaa koti jeupe anakutazama kwa utulivu, na maneno yanasema kuwa madaktari wengi zaidi huvuta Camel kuliko sigara nyingine yoyote. Yasome tena polepole: hakuna mahali palipoandikwa kwamba sigara hiyo haidhuru. Jambo hilo halikuwa na haja ya kuandikwa, kwa sababu koti lile limekwisha kulisema, na msomaji hulikamilisha mwenyewe moyoni, akidhani ni wazo lake. Kwangu mimi, hapo ndipo penye ustadi, na ndipo penye hatari.

Watengenezaji wa sigara za Lucky Strike, mwaka 1930, walitaja madaktari 20,679 kuwa mashahidi wao. Tarakimu kamili kiasi hicho hufanana na ushahidi hata kabla hujajua waliulizwa swali gani. Watengenezaji wa Listerine, dawa ya kusukutua mdomo, nao, katika miaka ya 1920, waliuza kwanza hofu ya kunuka mdomo, kisha dawa yake.

Hata bango lile la Mikindani lina mbinu yake: mama mwenye kanga safi hamtazami mnunuzi, bali jina la sabuni, na macho yetu humfuata hadi papo hapo kabla hatujasoma neno lolote.