Retikoni: tamthilia inapobadili yaliyokwisha kusemwa

Retikoni ni habari mpya ambayo tamthilia inaileta leo na kwa hiyo kubadili maana ya jambo lililoonyeshwa zamani. Neno ni ufupisho wa Kiingereza, "retroactive continuity", yaani mwendelezo unaorekebishwa kinyumenyume. Wasomaji wa vikatuni vya Marekani walilizoea miaka ya 1980, kisha likahamia kwa watazamaji wa tamthilia za kisayansi zenye umri mrefu kama Star Trek na Doctor Who. Huko hutumika zaidi kulaumu, ingawa lenyewe halina sifa wala lawama.

Kwanza litenganishwe na kosa la mwendelezo, yaani pale hadithi inapojipinga yenyewe. Kosa ni kusahau tu. Katika sehemu ya Star Trek iliyorushwa Septemba 1966, kaburi linaloandaliwa kwa ajili ya mhusika mkuu, Nahodha Kirk, limechongwa "James R. Kirk". Baadaye akawa James T., na hivyo ndivyo alivyobaki. Sehemu hiyo ilirekodiwa kama jaribio, kabla tamthilia haijapata sura yake, na hakuna tukio hata moja lililotegemea herufi ile. Makosa ya namna hii hayaepukiki pale waandishi wengi wanapopokezana kazi: misimu ya miaka ya 1990 ilifikia sehemu 26 kwa mwaka, na mwongozo wa waandishi, hata ukiwa mnene vipi, hauwezi kubeba kila sentensi iliyowahi kutamkwa.

Retikoni, kwa upande wake, hufanywa kwa kujua. Waklingoni, jamii ya viumbe wa sayari nyingine katika Star Trek, ndio mfano unaotajwa kuliko yote. Walipoonekana mara ya kwanza mwaka 1967 walikuwa na vipaji laini vya nyuso kama binadamu. Filamu ya 1979 ikawapa matuta ya mfupa, kwa sababu tu sinema ilikuwa na bajeti ya urembeshaji ambayo televisheni haikuwa nayo. Kwa miaka mingi hakuna aliyeeleza lolote. Mwaka 1996 wahusika wa Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, walirudi katika zama za Kirk, wakawaona Waklingoni wa zamani kwa macho yao, wakamgeukia mwenzao Worf, ambaye ni Mklingoni, wapate jibu. Akasema hawazungumzi jambo hilo na watu wa nje. Basi. Mwaka 2005 Enterprise, nayo tamthilia ya Star Trek, ilitumia sehemu mbili nzima kueleza kwamba chanzo kilikuwa virusi vilivyotokana na majaribio ya kubadili vinasaba. Maelezo yanashikamana vizuri, lakini jibu la Worf lilifanya kazi ileile kwa sentensi moja, na likachekesha.

Hapo ndipo mijadala mingi inapopotea: watu huchanganya usahihi wa mwendelezo na ubora wa uandishi. Ni mizani miwili. Katika filamu ya Star Trek ya 1982, Khan, adui wa Kirk, anamtambua papo hapo Chekov, mmoja wa mabaharia wa Kirk. Lakini Khan alipotokea kwenye tamthilia mwezi Februari 1967, Chekov hakuwa ameingia. Alianza kuonekana msimu wa pili, Septemba mwaka huohuo. Mwendelezo umevunjika waziwazi, na bado filamu hiyo huhesabiwa na mashabiki wengi kuwa bora kuliko zote za Star Trek. Kinachobeba tukio ni hasira ya Khan na hofu ya Chekov, na vyote viwili vipo.

Sasa linganisha na Voyager, tamthilia nyingine ya Star Trek. Chombo kimetupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya miaka 75. Katika msimu wa kwanza, mwaka 1995, inaelezwa kwamba torpido za fotoni, silaha kuu za chombo, zimebaki 38 na zikiisha hakuna za kuziba pengo. Mashabiki wakaanza kuhesabu. Idadi iliyofyatuliwa katika misimu saba ilipita 38 kwa mbali, bila neno la maana kuhusu zilikotoka. Kwa jicho la haraka hili ni kosa dogo la hesabu, lakini tamthilia ilijengwa juu ya uhaba. Uhaba ukiyeyuka, kila uamuzi mgumu wa Nahodha Janeway, mkuu wa chombo hicho, unapungua uzito. Hili ni kosa la uandishi lililovaa nguo za kosa la mwendelezo.

Kwa hiyo anayetaka kupima retikoni kwa haki aangalie kwanza nani alisema neno la zamani. Mhusika anaweza kudanganya, kukosea au kuficha. Picha iliyoonyeshwa ina uzito zaidi. Kisha atazame kama jambo jipya linapingana na la zamani au linaongeza tu. Mwaka 2017 Discovery, tamthilia mpya ya Star Trek, ilimpa Spock, msaidizi wa Kirk, dada wa kulelewa naye, Michael Burnham, na wengi wakasema hilo haliwezekani. Kumbe linawezekana: mwaka 1967 Spock alikaa kimya hadi wazazi wake walipopanda chomboni ndipo Kirk akajua Sarek ni baba yake, na mwaka 1989 akatokea ndugu mwingine ambaye hakuwahi kumtaja. Usiri ni tabia yake. Kilicho dhaifu ni tiba ya mwaka 2019, pale maofisa wote walipokatazwa kuutaja milele mkasa wa chombo cha Discovery na watu wake. Amri ya namna hiyo hunyamazisha swali tu.

Jambo la mwisho la kupima ndilo zito: retikoni inafuta nini? Doctor Who iliweka mwaka 1976 sheria kwamba watu wa jamii ya mhusika wake mkuu, Daktari, ambao hubadili mwili badala ya kufa, wanaweza kufanya hivyo mara 12 tu. Mwaka 2013 sheria hiyo ikazaa matunda: Daktari alizeeka akiwa na mwili wake wa mwisho, akingoja kifo cha kweli, hadi alipopewa mzunguko mpya wa kubadili mwili. Mwaka 2020 ikaelezwa kwamba alikuwa na maisha mengi kabla ya yule tuliyemjua kuwa wa kwanza, na kwamba uwezo wenyewe wa kubadili mwili ulichukuliwa kwake. Hakuna sentensi ya 2013 iliyobatilishwa moja kwa moja. Lakini ukiirudia leo, unamwona mzee anayeogopa mwisho ambao huenda haukuwepo.