Kunasa matokeo ya programu ya nje katika Scheme

Kunasa matokeo ya programu ya nje ni kuiendesha programu nyingine kutoka ndani ya programu yako, kisha kuyapokea maandishi inayoyatoa kama thamani ya kawaida ya Scheme, lugha ya kuandikia programu: mfuatano wa herufi unaoweza kuukata, kuulinganisha au kuupeleka kwa kitendakazi kingine. Yasiponaswa, maandishi hayo huishia kwenye skrini na programu yako haiyaoni kamwe.

Wengi huanza na `system`, kitendakazi kinachoendesha amri ya nje, kwa kuwa ndiyo inayojulikana:

```
(system "date")
```

Tarehe inatokea kwenye skrini na `system` inarudisha sifuri. Sifuri hiyo inaeleza tu jinsi `date` ilivyomaliza kazi. Tarehe yenyewe haimo ndani yake. Hatua inayofuata kwa kawaida ni kuizungushia kitendakazi kinachogeuza kila kinachoandikwa kuwa mfuatano:

```
(with-output-to-string
  (lambda () (system "date")))
```

Ukijaribu hivyo kwenye Guile, mojawapo ya matoleo ya Scheme, unapata `""`, mfuatano mtupu. Ukiweka `(display "habari")`, yaani amri ya Scheme yenyewe ya kuandika, mahali pa `system`, unapata `"habari"` bila tatizo. Kuelewa tofauti ya majaribio haya mawili ni kuielewa dhana yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Poti ya Scheme, yaani mlango wa kusomea au kuandikia data, ni kitu kinachoishi ndani ya kumbukumbu ya programu yako. `display` inapotaka kuandika huuliza: poti ya kutolea matokeo kwa sasa ni ipi? `with-output-to-string` hubadilisha jibu la swali hilo kwa muda. Lakini `date` ni mchakato mwingine kabisa, yaani programu inayoendeshwa peke yake. Haijui Scheme ni nini, wala haina njia ya kuuliza swali hilo. Katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, kila mchakato una orodha ya faili zilizo wazi, zenye namba: 0 ni ya kusomea, 1 ni ya kutolea matokeo, 2 ni ya kutolea taarifa za hitilafu. Mchakato mtoto hurithi orodha hiyo kutoka kwa mzazi wake, na `date` huandika moja kwa moja kwenye namba 1. Yanayoandikwa hayapiti kwenye poti za Scheme hata kidogo.

Ili kuyanasa, basi, lazima namba 1 ya mtoto ielekezwe kwingine kabla `date` haijaanza. Kinachotumika ni bomba, ambalo Unix imekuwa nalo tangu 1973 kwa msukumo wa Doug McIlroy. Bomba ni sehemu ya kumbukumbu inayotunzwa na mfumo endeshi, yenye ncha mbili: kinachoandikwa upande mmoja husomwa upande wa pili. Mtoto anapewa ncha ya kuandikia iwe namba 1 yake, mzazi anabaki na ncha ya kusomea, na Scheme huivika ncha hiyo umbo la poti. Kuanzia hapo unasoma kama unavyosoma faili yoyote.

Kwenye Guile, kazi hiyo hufanywa na moduli ya `(ice-9 popen)`:

```
(use-modules (ice-9 popen)
             (ice-9 textual-ports))

(define (nasa programu . hoja)
  (let* ((bomba (apply open-pipe* OPEN_READ
                       programu hoja))
         (maandishi (get-string-all bomba))
         (hali (close-pipe bomba)))
    (values maandishi (status:exit-val hali))))

(nasa "date" "-u")
```

`let*` hapo si pambo. Scheme haiahidi mpangilio wowote wa kukokotoa thamani za `let` ya kawaida, na hapa mpangilio ni lazima: fungua, soma hadi mwisho, kisha funga. `close-pipe` nayo hufanya zaidi ya kufunga. Inamsubiri mtoto amalize na kukuletea hali yake. Ukiisahau, mtoto aliyekwisha kazi anaweza kubaki kwenye orodha ya michakato, akisubiri mzazi asome hali hiyo.

Namba ya hali wengi huitupa, na nadhani hilo ndilo kosa linaloumiza zaidi katika kazi hii, kwa sababu halionekani. Chukua `grep`, programu ya kutafuta mistari ndani ya faili. Isipopata mstari wowote unaolingana, haitoi chochote na humaliza kwa 1. Ikiambiwa isome faili ambayo haipo, vilevile haiandiki chochote kwenye namba 1 yake, ila humaliza kwa 2. Ukitazama mfuatano peke yake, hali zote mbili ni `""`. Programu yako itaendelea kwa furaha ikidhani imetafuta na kukosa, kumbe haikutafuta kabisa.

Kuna pia `open-input-pipe`, fupi zaidi, inayopokea amri nzima kama mfuatano mmoja na kuikabidhi kwa `/bin/sh`, mkalimani wa amri wa mfumo. Ni rahisi pale amri umeiandika wewe mwenyewe, neno kwa neno. Lakini jina la faili likitoka kwa mtumiaji, nafasi moja ndani yake hulivunja vipande viwili, na nukta mkato inaweza kuanzisha amri nyingine ambayo hukuikusudia. `open-pipe*` hupeleka kila hoja kama ilivyo bila kumpitia mkalimani huyo, na ndiyo maana nimeitumia hapo juu.

Sasa namba 2. Mfano wetu unanasa namba 1 tu. Taarifa za hitilafu zinaendelea kwenda zinakoenda siku zote, na mara nyingi hilo ndilo unalotaka. Ukihitaji kuzinasa nazo, kuwa mwangalifu sana. Bomba lina ukomo: kwenye Linux, uwezo wake wa kawaida ni baiti 65,536. Likijaa, mwandishi husimamishwa mpaka mtu asome. Tuseme umefungua mabomba mawili, kama `subprocess` ya Racket au `process*` ya Chicken, lugha nyingine za jamii ya Scheme, inavyokuwezesha, na unasoma la matokeo hadi mwisho kabla ya kugusa la hitilafu. Mtoto akiandika hitilafu nyingi, bomba la pili litajaa na yeye atasimama. Wewe unamsubiri amalize matokeo, yeye anakusubiri usome hitilafu, na hakuna atakayesogea. Ubaya ni kwamba majaribio yenye data ndogo hupita salama, na mkwamo hutokea siku data inapokuwa kubwa. Dawa yake ni kuzielekeza hitilafu kwenye faili, au kuziunganisha na matokeo katika bomba moja, au kuyasoma mabomba yote mawili kwa pamoja kwa nyuzi tofauti (threads).

Mkwamo wa aina hiyohiyo hutokea ukimsubiri mtoto kabla ya kusoma. Hutokea pia ukiilisha data programu kama `sort`, ambayo hupanga mistari, bila kufunga poti unayoilisha: `sort` haitoi mstari hata mmoja mpaka ijue data imeisha.

Kinachopita kwenye bomba ni baiti, si herufi. Guile huzitafsiri kwa usimbaji wa poti (encoding), na `set-port-encoding!` hubadilisha usimbaji huo iwapo programu ya nje inaandika kwa mwingine. Mstari mpya wa mwishoni nao hunaswa, `string-trim-right` huuondoa.

Mifano mingi hapa ni ya Guile kwa sababu Scheme sanifu haina namna ya kuanzisha mchakato. R7RS, toleo la sanifu hiyo la 2013, ina `exit` na `get-environment-variable`, lakini suala la michakato imewaachia watengenezaji. Scsh ya Olin Shivers, toleo la Scheme la miaka ya 1990, iliipa kazi hii umbo fupi ninalolipenda, `(run/string (date))`. Gauche, toleo jingine, ina `process-output->string`, lakini soma maelezo yake kwanza: hugeuza kila mfululizo wa nafasi na mistari kuwa nafasi moja. Kwa orodha ya mistari, tumia `process-output->string-list`. Racket nayo hunakili matokeo ya `system` hadi kwenye poti yake ya sasa, kwa hiyo lile jaribio la `with-output-to-string` lililoshindikana Guile, kule hufanya kazi.

Matokeo yakiwa makubwa sana, usiyabebe yote kwenye mfuatano mmoja. Soma mstari kwa mstari kwa `get-line` mpaka ukutane na alama ya mwisho wa faili. Ukiacha katikati na kufunga bomba mapema, mtoto anayeendelea kuandika kwa kawaida huuawa kwa SIGPIPE, ishara ambayo mfumo humtumia anayeandika kwenye bomba lisilo na msomaji. Hapo `status:exit-val` inarudisha `#f`, na namba ya ishara unaipata kwa `status:term-sig`.