Grisi Nyingi, Oili Yoyote: Dhana Potofu Kuhusu Usafi wa Maka ya Peintiboli

Wachezaji wengi wa peintiboli huamini kwamba maka, yaani bunduki inayorusha risasi za rangi kwa nguvu ya gesi, ikilowa grisi ndipo imetunzwa. Imani hiyo ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya uchafu tunaoukuta tunapoifungua. Kila bolti, yaani kipande kinachoteleza ndani na kuisukuma risasi, inapokwenda mbele, hewa inayopita huisukuma grisi iliyozidi kuelekea kwenye chemba, yaani nafasi risasi inamokaa kabla ya kufyatuliwa, na mtutu, nayo huko hukutana na vumbi pamoja na rangi ya risasi zilizopasuka, vikachanganyika kuwa uji mzito unaonata. Uji huo ukiziba macho, yaani zile sensa ndogo zinazotambua kama risasi imekaa ndani ya chemba, maka ya kielektroniki hudhani kuna risasi wakati hakuna, au hukataa kabisa kufyatua. Ukipenya hadi kwenye solenoidi, yaani vali ya umeme inayoongoza hewa, ambayo njia zake za hewa ni nyembamba mno, maka huanza kuvuja au kuchelewa, na mwenye nayo hudhani betri imekwisha.

Ukweli ni kwamba oringi, yaani pete ya mpira inayozuia hewa isivuje, huhitaji utando mwembamba tu wa grisi. Ukiigusa inapaswa ing'ae na kuteleza, lakini pasionekane bonge lolote kwenye mfereji inamokaa. Si kwamba ukavu ni bora: oringi iliyokauka hung'ang'ania ukuta wa silinda maka inapokaa dakika chache bila kutumika, hivyo risasi ya kwanza hutoka kwa kasi ndogo na kuanguka kabla ya kufika, kisha zinazofuata zikaenda kama kawaida. Mtu asiyejua chanzo cha tatizo hilo huongeza nguvu ya hewa kwenye regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti shinikizo la hewa, na kwa kufanya hivyo huzifikisha risasi zinazofuata kwenye kasi inayovuka kikomo kinachozoeleka cha futi 300 kwa sekunde, takriban mita 91.

Kupaka grisi mpya juu ya ile ya zamani nako huhesabiwa kuwa ni matengenezo, ingawa kwa hakika ni kufunika uchafu. Utaratibu unaofaa ni huu: miwani ya kinga ikiwa bado imevaliwa, hopa, yaani chombo kinachobeba risasi, itolewe, mtungi wa gesi ufunguliwe kutoka kwenye maka, na hewa iliyosalia ndani ifyatuliwe kuelekea mahali salama hadi iishe. Baada ya hapo bolti hutolewa na kila oringi hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka kitambaa kitoke safi. Grisi mpya hupakwa mwisho kabisa.

Kitambaa hicho mara nyingi hutoka na weusi, na weusi huo huwatia watu hofu kwamba maka inalika. Grisi iliyofanya kazi ndani ya silinda ya alumini hugeuka kijivu au nyeusi kwa sababu ya chembe laini mno za metali zinazobaki ndani yake, na kwa maka inayotumika mara kwa mara hilo ni jambo la kawaida. Kinachostahili wasiwasi ni vipande vinavyometameta ukikiinamisha kitambaa mwangani, au chembe ngumu unazozihisi ukisugua grisi hiyo kati ya vidole viwili. Hizo ama ni mchanga, ama ni vipande vya metali iliyokwaruzwa, na maka isirudi mchezoni kabla chanzo chake hakijapatikana.

Wengine hushikilia kwamba kilainishi ni kilainishi, hivyo kinachofaa maka moja hufaa zote. Maka ya Tippmann 98, ambayo imezoeleka sana kwenye viwanja vya kukodisha, ina nyundo na bolti nzito zinazosukumwa nyuma na gesi, na mtengenezaji wake huelekeza matone machache ya oili yatiwe mahali mtungi unapofungwa ili gesi iyasambaze ndani. EMEK, maka ya kampuni ya Planet Eclipse, hutumia bolti ya aina ya spuli, ambayo huteleza na kufungua njia ya hewa bila nyundo, na hulainishwa kwa grisi inayopakwa kwa mkono. Ukiidondoshea oili kwa mtindo wa Tippmann, oili hiyo huiyeyusha grisi na kuiondoa mahali ilipohitajika. Hata grisi zenyewe hutofautiana: Molykote 55 imetengenezwa makusudi ivimbishe oringi kidogo ili izibe vizuri, ilhali Molykote 33, yenye asili ya silikoni, hutegemewa zaidi kwa uwezo wake wa kubaki laini kwenye baridi kali. Anayezitumia kwa kubadilishana bila kusoma kitabu cha maka yake asishangae bolti ikianza kuwa nzito.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni ile ya kutumia chochote kilichopo nyumbani. Mafuta ya kupikia hunata yanapokaa hewani, na ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ilhali gesi ya kaboni dioksidi huipoza metali kuliko hapo. WD-40 ya kawaida, iliyoundwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, ina viyeyusho vya petroli vinavyosafisha grisi nzuri iliyokuwepo na vinavyoweza kuharibu baadhi ya sili, yaani vizuizi vya mpira kama oringi, ndiyo maana watengenezaji wa maka huikataza. Lakini hatari kubwa iko kwenye mtungi wa hewa, ambao hujazwa hadi psi (paundi kwa inchi ya mraba) 3,000 au 4,500. Hewa inaposhindiliwa ghafla hupata joto kali, na tone la oili ya petroli lililoachwa kwenye chuchu ya kujazia laweza kuwaka na kuupasua mtungi au regyuleta. Kwenye chuchu hiyo usitie oili wala grisi ya aina yoyote, hata kidogo.

Kuhusu rangi yenyewe, wapo wanaoamini kuwa huondolewa kwa thina au petroli. Imani hiyo ina asili yake: risasi za mwanzo za kampuni ya rangi ya Nelson, zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe huko Marekani, zilikuwa na rangi ya mafuta, na wachezaji 12 waliokutana Henniker, New Hampshire, mwezi Juni 1981 kwa mchezo wa kwanza walitumia bunduki zilizobuniwa kwa kazi hiyo ya misitu na mifugo. Risasi za leo zina ganda la gelatini na kijazo cha ndani ambacho kwa kawaida ni polietilini glaikoli, na vyote viwili hulainika kwa maji ya uvuguvugu. Spiriti, ambayo wengi huiona kuwa na nguvu kuliko maji, haiyeyushi gelatini. Kwa hiyo mtutu huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa kabisa, kwani unyevu hulainisha ganda la risasi inayofuata. Sehemu zenye umeme hufutwa tu kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri.

Grisi ndani ya mtutu haiongezi masafa. Huipaka risasi upande mmoja na kuifanya ipinde njia.

Mwisho ni miwani ya kinga, ambayo wengine huipulizia dawa ileile waliyosafishia maka. Lenzi zake ni za polikaboneti, na viyeyusho pamoja na amonia huweza kuzidhoofisha kwa nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Maji safi na kitambaa laini vinatosha. Lenzi iliyokwisha kulowa dawa ya namna hiyo ibadilishwe kabla ya mchezo unaofuata, hata kama inaonekana nzima.