Ndege wa mikokoni hawafuati maji, wanafuata tope

Wengi huenda kwenye hori za Tudor au Port Reitz, hapa Mombasa, maji yakiwa yamejaa, wakiamini ndege wa pwani hufuata maji. Wanachokuta ni mikoko mitupu. Sululu na vitwitwi, ndege hao wa pwani, si bata: chakula chao, kaa na minyoo, kimo topeni, na tope likifunikwa huondoka kwenda kupumzika pakavu.

Lakini kupwa kabisa nako kuna hila. Siku za bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maji hapa hupwa mwisho kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na ndege huwa mbali, vidoadoa tu. Subiri maji yaanze kurudi. Yatawasukuma kuja upande wako. Hapo utamwona sululu akizamisha ule mdomo uliopinda ndani ya shimo, akamtoa kaa, akamtikisa hadi miguu ing'oke.

Vitwitwi wengi wa msimu wa kaskazi huzaliana kaskazini ya mbali, hata Siberia, si hapa.