Kanichoma, kanichongea, kanichoresha

Mtu akisema "kanichoma" kijiweni pale Ngamiani, Tanga, hasemi kwamba amezuliwa. Anasema mwenzake amepeleka habari zake kwa mwenye mamlaka: askari, bosi, mwalimu au mzazi. Habari zenyewe zinaweza kuwa kweli tupu. Kinachouma ni kwamba zimetoka kwa mtu wa ndani na zimefika kwa anayeweza kuadhibu.

Sharti moja likikosekana, neno hubadilika. Habari zikiishia barazani kwa mashosti, huo ni umbea. Asiye mwenzenu akipiga simu kituoni, polisi watamwita raia mwema. Anayekunong'oneza kwamba unatafutwa amekutonya. Vijana watasema amekusanua. Na aliyeropoka mbele ya watu bila kukusudia ubaya amekuchoresha tu.

Kuchongea ni jambo zito zaidi. Ndani yake mna fitina: maneno yametiwa chumvi au yametungwa ili uharibikiwe. Usuluhishi mwingi hukwama hapa. Mlalamikaji anasema "umenichoma", mshtakiwa anajitetea "nimesema kweli", na kila mmoja anajibu shtaka ambalo mwenzake hakulitoa. Msuluhishi aulize kwanza nini kilisemwa na kwa nani, ndipo aulize kama ni kweli. Ukweli unafuta kuchongea, haufuti kuchoma.

Sarufi nayo iangaliwe. Husemwa "kanichoma kwa bosi", lakini neno "utambi" likiingia, kitenzi hubadilika: "kanichomea utambi". Anayejifunza lugha asichanganye na "kachomoa", maana huyo amekataa tu.

Shuleni kuna mnoko. Kiranja anayeorodhesha wapiga kelele na kuyafikisha majina ofisini huitwa hivyo hata kama hana urafiki na yeyote darasani, kwa sababu analaumiwa kwa kushupalia sheria, si kwa usaliti. Shushushu ni habari nyingine kabisa: ni mpelelezi wa siri wa dola. Kumbandika jirani jina hilo kwa utani kunaweza kumtenga na mtaa mzima.

Ninapoona lugha ya mtaani inaonea watu ni ufukweni. Mvuvi wa Sahare, hapo hapo Tanga, akiitaja mashua inayovua kwa baruti, ataambiwa amechoma wenzake, neno lile lile la mtoto aliyemsemea ndugu yake kwa mama. Lakini baruti huvunja matumbawe na kuua samaki wachanga pamoja na wakubwa, kwa hiyo wanaopata hasara ni hao hao wenzake. Huyo ni mtoa taarifa, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Vivyo hivyo kwa anayepiga 113 kuieleza TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, habari za rushwa kazini kwake. Anayeandika habari au maelezo ya shahidi aandike "alitoa taarifa", na "alimchoma" aliache ndani ya alama za kunukuu, likiwa neno la aliyelitamka.